Karanga ya Saa Kumi

Idd iliyopita mjukuu wangu Nasra alikuja kunisalimia hapa Bellevue, na kabla hajavua viatu aliniuliza swali. Ana miaka kumi na saba sasa, amenipita kwa urefu, mkoba begani, simu mkononi. Nilikuwa nimepika kashata. Sikuwa nimepika kashata za karanga miaka mingi, tangu alipoletwa kukaa kwangu akiwa mdogo, lakini safari hii nilijiambia, mtoto amepona, mtoto ana cheti cha hospitali, acha nimpikie kitu ambacho bibi yake alikijua kuliko wapishi wote wa mtaa huu. Alisimama mlangoni, akanusa, akarudi nyuma mpaka kwenye korido. "Bibi," akasema, "umepika na karanga humo ndani?" Nikamwambia ndiyo, nimekupikia wewe. Akatia mkono kwenye mkoba, akashika kitu, hakukitoa. Nilikijua bila kukiona. Ni ile sindano yake iliyo kama kalamu nene. Aliyepona hatembei na sindano.

Habari za ukoo na za baba yake sizitaki hapa. Nitasema mwaka mmoja tu, ule aliokuwa na miaka tisa, maana kila kitu kilitendeka humo, kizuri na kibaya, na vyote viwili nilivitenda kwa mkono wangu.

Chumba kilikuwa hiki hiki ninachokaa sasa, katika nyumba ya zamani iliyogawanywa vyumba, jiko moja la wote mwisho wa korido, choo nje. Zamani mimi nilikuwa mwuza kashata. Kila asubuhi nakaanga karanga, nazisugua maganda, napepeta kwa ungo pale uani, nayeyusha sukari mpaka igeuke rangi ya chai ya rangi, natia iliki, namimina kwenye sinia lililopakwa mafuta, nakata ingali moto. Watu wa Dar na wa Tanga walikuwa wakipanda kutoka Hillbrow kuzifuata. Nasra aliletwa kwangu akiwa na miaka sita, kwa sababu mama yake, Zuhura binti yangu, alipata kazi ya ghala kule Midrand, na huko walikuwa wakilala wanawake wanne chumba kimoja. Siku ya kwanza nilimpa kipande cha kashata, kama unavyompa mtoto yeyote aliyetoka safari. Akavimba midomo mbele ya macho yangu, akaanza kukoroma akiwa macho. Hospitali wakasema karanga kwa mtoto huyu ni sumu. Nikarudi nyumbani nikatoa karanga zote, ungo nikaugawa, nikafua mapazia, nikasugua sufuria kwa mchanga na maji ya moto mpaka vidole vikachubuka. Nikahamia maandazi. Miaka mitatu niliishi nikinusa sahani za watu. Shuleni alikula peke yake, kwenye benchi la karibu na ofisi, chakula nilichomfungia mimi. Arusi za wenzetu hatukwenda.

Ndipo tukaambiwa kuna tiba. Ilikuwa mwezi wa pili, jua kali, tukapanda teksi mbili kufika hospitali. Daktari alikuwa mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini. Alisema Kiingereza, na Kiingereza changu ni cha sokoni, kwa hiyo Nasra ndiye aliyekuwa mdomo wangu. Kiswahili alikisikia chote, ila kukisema alikuwa mvivu, anachanganya na Kizulu cha shuleni, na akiudhika ananiita Gogo, yaani bibi kwa Kizulu hicho. Alikaa katikati yetu, miguu haifiki chini, anageuza kichwa kwa daktari, kisha kwangu.

"Anasema watanipa karanga."

"Uliza vizuri. Hukusikia."

Akauliza. "Nimesikia, Bibi. Wanaanza na kidogo, kama vumbi. Nakula kila siku. Halafu wanaongeza, wanaongeza, mpaka mwili uzoee."

"Na usipozoea?"

Akamtazama daktari, akatazama miguu yake. "Hilo sitaki kuuliza," akasema.

Nilikubali. Nilichotaka ni kitu kimoja: mtoto huyu aweze kula mezani kwa watu bila kufa. Mimi ni mtu mzima, sitakuwepo siku zote kumnusia sahani. Kila wiki mbili tulikwenda hospitali akaongezewa kipimo mbele ya daktari, tukakaa pale saa mbili kwenye viti vya plastiki, ukuta umechorwa samaki wa buluu, tukingoja kuona kama atavimba. Kipimo kikikubali, ndicho alichokula nyumbani mpaka safari nyingine. Masharti nilipewa nikayashika kichwani, maana kusoma kwangu ni kwa taabu. Ale kwanza ashibe, ndipo apewe unga wa karanga. Akishapewa asikimbie wala kuruka kwa saa mbili. Asioge maji ya moto. Akiwa na homa asipewe. Tukapewa kijiko cha plastiki kidogo kuliko ukucha, na sindano mbili za kumchoma akivimba. Daktari akamwambia Nasra kitu kirefu, Nasra akanitafsiria kwa kifupi: "Anasema usisahau hata siku moja." Nikamwambia, mwambie bibi yako hajui kusahau.

Saa kumi ya alasiri ndiyo ilikuwa saa yetu. Anatoka shule, anakula wali, ninachanganya unga kwenye maziwa ya mgando, anakunywa, anakaa kitandani. Dirisha letu linatazama uani, na uani ndipo watoto wa nyumba nzima walipokuwa wakiruka kamba. Saa mbili za kukaa kitako zilikuwa ndizo saa zenyewe za mchezo. Nilikuwa nakanda unga wa maandazi huku nasikia kamba ikipiga saruji, na watoto wakimwita kwa jina, mwanzoni kila siku, baadaye mara moja moja, baadaye wakaacha. Baridi ilipoingia, saa zake mbili zilikuwa zinakwisha giza limeshaingia. Sikumhurumia. Nilisema huruma ataikuta mbele ya safari. Sasa ninapokaa kwenye kitanda kile kile, mida ile, nasikia watoto wengine wakiruka, na najua ni kitu kirefu kiasi gani, saa mbili, ukiwa na miaka tisa.

Chumba cha pili alikaa Mama Espe, Mkongo wa Bukavu, msusi, mwanamke wa kucheka hata na ukuta. Yeye alikuwa akipika sombe, kisamvu chao, kwa karanga, na kwa ajili yetu aliacha. Aliacha, lakini hakuacha kunisema. Akiwa na mteja kwenye kiti pale korido namsikia: "Mama Tanga huyu, miaka yote aliuza kalanga, kisha akaikimbia kama polisi. Sasa anamulisha mutoto kalanga kwa saa. Mimi nilikatazwa kupika, yeye anapika dawa." Mteja anacheka. Nami natoa kichwa mlangoni: "Suka nywele za watu, Mama Espe, mkono umesimama." "Mkono inasuka, mama, mudomo ndiyo iko inapumuzika na kazi." Siku nyingine alinijia jikoni bila mzaha, akasema polepole, "Lakini wewe unaamini? Ile kitu inamuua, ndiyo itamuponyesha?" Nikamjibu siamini wala sikatai, mimi nafanya nilivyoambiwa. Hilo lilikuwa kweli mpaka Ramadhani.

Kufikia wakati huo unga ulikuwa umefika kiasi cha punje moja nzima, na Nasra alikuwa ameanza kuuchukia. Alisema unanuka, alisema unamkwaruza koo, alisema maziwa yote duniani sasa yana ladha ya karanga. Alikuwa akiuweka mdomoni hamezi, anakaa mashavu yamejaa ananitazama. Nilikuwa nikimshika taya. Si kwa kumpiga, sijawahi kumpiga, lakini nilimshika taya na kumwinua kidevu kama unavyomnywesha mbuzi dawa, mpaka nione koo limepanda na kushuka. "Fungua nione." Anafungua. "Toa ulimi." Anatoa. Kila siku ya Mungu.

Ramadhani hiyo ilikuja na baridi kali. Watoto wa chuoni, wanakosoma Kurani, walikuwa wakishindana kufunga, na Nasra, aliyezoea kufunga nusu siku, akataka kufunga kutwa. Nilifurahi. Niseme ukweli, ilikuwa mara ya kwanza mwaka ule nimwone anataka kitu. Ijumaa ya kwanza nikamruhusu. Saa kumi ikafika, amefunga, sikutaka kumfungulisha. Nikajiambia, tutasogeza mpaka magharibi. Na hapa ndipo nilipokosea, na nilikosea kwa mazoea. Kwetu mgonjwa anafungulia kwa dawa. Mimi mwenyewe kidonge changu cha presha nakimeza na tende ya kwanza, na marehemu mama yangu alifanya hivyo, kwamba dawa itangulie tumboni kabla ya chakula. Unga ule mimi nilikuwa nimeshauhesabu kuwa dawa. Nilisahau kuwa ni karanga. Adhana ilipolia kwenye simu nikampa tende moja, nikampa unga kwenye maziwa, akameza bila ugomvi kwa sababu ya njaa, nikammiminia maji ya moto ya birika atawadhe, maana bomba lilikuwa likitoa barafu. Wali na maharage vilikuwa jikoni vimefunikwa, vikingoja tumalize kuswali.

Alikuwa nyuma yangu kwenye mswala. Nilimsikia akikohoa rakaa ya kwanza. Rakaa ya pili nikasikia anakwaruza koo kama paka. Nilikata sala. Shingo ilikuwa imejaa mabaka mekundu, macho yamekuwa mistari, na sauti iliyotoka haikuwa yake. "Gogo," akasema, "imekuja." Nikachukua sindano, nikatoa kifuniko, nikamchoma pajani juu ya nguo kama nilivyofundishwa, nikahesabu mpaka kumi. Mama Espe alikuwa ameshasikia. Alitoka na shanuo mkononi akasimama katikati ya barabara mikono juu, akasimamisha gari la mtu asiyemjua, akafungua mlango mwenyewe akasema, "Patron, utatupeleka." Yule bwana akatupeleka, hakuuliza kitu. Njiani Nasra alikuwa amelala mapajani pangu akipumua kwa filimbi, na Mama Espe anaimba wimbo wa kanisani kwa sauti ndogo, na mimi najiambia, nimeua.

Hakufa. Walimlaza siku mbili. Siku ya tatu tukakaa mbele ya daktari yule yule, Nasra katikati, miguu haifiki chini. Daktari akauliza kwa upole. Nasra akanigeukia.

"Anauliza nilikula nini kabla ya unga."

Alijua jibu. Nami nilijua. Niliogopa mambo mengi kwa mara moja. Niliogopa watasema bibi huyu hafuati masharti, nafasi apewe mtoto mwingine. Niliogopa watasema hawa watu na saumu yao. Nilimwogopa Zuhura, aliyekuwa amesimama mlangoni na nguo za kazi. Nikasema, "Mwambie ulikula wali na maharage."

"Bibi, sikula."

"Mwambie."

Alinitazama. Watu wengi wamenitazama vibaya katika maisha yangu, sijali. Ule haukuwa mtazamo mbaya. Alikuwa anasoma, kama mtoto anavyosoma ubao. Kisha akamgeukia daktari akasema kwa Kiingereza, sauti safi, hata mkono ukaonyesha ukubwa wa sahani. Kiingereza changu ni kidogo, lakini neno la wali nalijua.

Daktari akaandika. Akatikisa kichwa. Akasema maneno marefu, na Nasra akanitafsiria neno kwa neno, hakufupisha kama kawaida yake. "Anasema kama nilikuwa nimeshiba na bado nimeumwa, basi mwili wangu haujawa tayari. Anasema nirudi kwenye kile kijiko kidogo. Nianze tena kutoka pale. Anasema pole, anajua nimejitahidi." Akaningoja. Nilikuwa bado na nafasi. Mdomo ulikuwa wangu, wake ulikuwa wa kuazima tu. Nikasema, "Mwambie ahsante."

Miezi yote tuliyokuwa tumepanda ikafutwa kwa sahani ya wali ambayo haikuliwa. Tungemaliza kabla ya kiangazi. Ikawa tunaanza upya wakati wa baridi, vumbi, kijiko, kitanda, dirisha, kamba uani. Nasra hakugoma tena. Hilo ndilo lililonidanganya. Aliacha kujaza mashavu, aliacha kuniita Gogo, alifungua mdomo kabla sijamwambia na kutoa ulimi kabla sijauliza. Nilimwambia Mama Espe, umeona, amekua, amenyooka. Mama Espe alikuwa akisuka, hakuinua macho. "Mimi naona mutoto amekwenda," akasema. "Amebakisha mudomo hapa kwako." Nikamwambia asuke nywele za watu.

Mwezi wa pili mwingine ukafika. Siku ya mwisho walimpa karanga zenyewe, nzima, kwenye kikombe cha karatasi, na akazila moja moja kwa saa kadhaa huku sista akimpima mapigo. Alizitafuna akitazama samaki wa ukutani. Hakuvimba, hakukohoa. Sista akapiga makofi na kuimba kwa Kizulu, wazazi wengine wakaitikia, daktari akaleta cheti chenye jina lake na nyota ya dhahabu. Nilitokwa na machozi, nakubali. Nasra akatafsiri. "Anasema tumemaliza. Halafu anasema hatujamaliza. Lazima nile punje sita kila siku, miaka mingi, labda siku zote. Nikiacha, mwili unasahau." Kwenye teksi ya kurudi nilimwambia nitakupikia kashata sasa. Akasema, "Usipike, Bibi," akaegemeza kichwa kwenye kioo. Cheti nilikitundika juu ya kitanda. Bado kipo.

Mwezi huo huo Zuhura alipata nyumba yake Midrand akaja kumchukua. Nilimpa mkebe wa karanga nilizochagua mwenyewe, nikamwambia saa kumi, ukiwa umeshiba. Na kila siku saa kumi nilipiga simu. Sikukosa. Zuhura yuko kazini, mtoto peke yake nyumbani.

"Umekula karanga?"

"Ndiyo, Bibi."

"Kwanza ulikula nini?"

"Wali na maharage."

Kila siku wali na maharage. Jumatatu, Alhamisi, wakati wa likizo, siku aliyokuwa kwenye safari ya shule. Nilisikia. Siwezi kusema sikusikia. Nilisema mtoto anapenda wali. Alipokua simu zikapungua, zikawa za Ijumaa tu, kisha za sikukuu, na mimi nikawa naangalia cheti.

Basi nilisimama mlangoni Idd hiyo, sinia la kashata mezani nyuma yangu, na yeye kwenye korido na mkono ndani ya mkoba.

"Uliacha lini?" nikamwuliza.

"Bibi, leo sikukuu."

"Uliacha lini, Nasra?"

"Siku mama aliyonichukua. Mkebe nilimwachia mtu kwenye teksi." Alisema bila hasira, kama anayetoa taarifa za barabara. "Darasa la tisa nikaonja biskuti ya mwenzangu, nikalazwa. Nilimwambia mama asikwambie."

"Na mimi nilikuwa nakuuliza kila siku."

"Ndiyo. Na mimi nilikuwa nakujibu."

Mwaka mzima, saa mbili kila siku kwenye dirisha, taya lake kwenye mkono wangu, na mwili ulikuwa umeshasahau muda mrefu. Ungeweza kuanza upya, pengine, hospitali ipo, madaktari wapo. Nilipofungua mdomo kulisema hilo alitikisa kichwa kabla sijafika kati, akasema yeye sasa ni karibu mtu mzima, na kitu hicho hakitaingia mdomoni mwake tena, afe au asife. Nilimjua. Ni ukali wangu ule ule, amerithi.

Nikamwambia akae nje, kwenye ngazi ya uani. Sinia lote nikalipeleka kwa Mama Espe, ambaye alilipokea bila mzaha hata mmoja, na hilo peke yake lilinitisha. Nikafungua dirisha. Nikavua kanga niliyopikia. Nikasugua meza, nikasugua sufuria, kwa maji ya moto, kama siku ile ya kwanza, ila mikono sasa ina uzee na inauma mapema. Glasi moja niliiosha mara tatu, nikaisuuza, nikaifuta kwa kitambaa kipya, nikatia chai ya maziwa yenye tangawizi anayoipenda tangu utotoni, nikamtolea. Alikuwa amekaa na baibui lake jipya la sikukuu, amekunja magoti, anatazama watoto wa watu wakiruka kamba.

Aliipokea kwa mikono miwili, kwa adabu. Kisha akaniuliza, "Umeiosha, Bibi?"

"Nimeiosha."

Alinitazama, vile vile kama pale mbele ya daktari. Akaitazama glasi. Akaiweka chini kwenye saruji, kando ya kiatu chake, na tukakaa pale wawili mpaka chai ikaota utando.